Mizani ya kiungo cha tela: chombo kizuri, kijitabu kisichomjua mwenye gari-nyumba

Kwa msimu mzima nimetumia mizani ndogo ya haidroliki, iliyotengenezwa kupimia mzigo ambao tela huuegemeza kwenye kiungo cha gari linalolivuta. Gari langu si pikapu bali ni gari-nyumba, yaani gari lenye makazi ndani yake, na kwa sababu hiyo nakisifu chombo chenyewe huku nikikilaumu kijitabu kilichokuja nacho.

Matumizi yake hayana ugumu. Tela hupakiwa kila kitu kitakachosafiri nalo na kusimamishwa mahali tambarare, mizani huwekwa chini ya kikombe chake, yaani sehemu ya mbele inayoshika kiungo, kwa kimo kilekile cha kiungo, kisha jeki hulegezwa taratibu hadi sindano itulie. Tela langu lina kilo 1,200, na mara ya kwanza sindano ilisimama kwenye 70. Nilihamisha jenereta na sanduku la zana kutoka nyuma ya magurudumu hadi mbele, nikapima tena nikapata 140; nilirudia mara mbili zaidi na sindano haikunidanganya. Tela lenye uzito mdogo mno mbele huanza kuyumba mkia likiwa kwenye mwendo, kwa hiyo tofauti ya kilo hizo 70 si jambo la kupuuza.

Kijitabu kinataja kanuni ya asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela, ambayo ni mazoea ya Marekani (Ulaya huridhika na kiasi kidogo zaidi), kisha kinanyamaza. Gari-nyumba lina mkia mrefu nyuma ya ekseli ya nyuma, na mkia huo hufanya kazi kama wenzo. Chukua gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 4 na kiungo chake kiko mita 3 nyuma ya ekseli ya nyuma: kilo 140 zinazokaa kwenye kiungo huiongezea ekseli hiyo kilo 245, na kuipunguzia ya mbele kilo 105. Mtu anayesoma 140 kwenye geji na kuridhika anaweza kuwa tayari amepita kikomo cha ekseli ya nyuma, na usukani umeanza kuwa mwepesi bila yeye kujua sababu.

Aliyeniuzia gari alinitajia namba moja tu ya uwezo wa kuvuta, kana kwamba hakuna nyingine. Magari-nyumba mengi ya Marekani hujengwa juu ya chesisi ya Ford E-450, ambayo kikomo cha uzito wa gari likiwa limepakiwa ni pauni 14,500, na kikomo cha gari na tela kwa pamoja ni pauni 22,000, yaani kilo 6,577 na kilo 9,979. Ukitoa, unabaki na pauni 7,500 za tela. Lakini kiungo kilichofungwa na mjenzi wa sehemu ya makazi kikiwa kimeandikwa pauni 5,000, basi ni 5,000, hata injini iwe na nguvu kiasi gani. Vilevile mzigo wa kiungo huhesabiwa ndani ya uzito wa gari lenyewe, pamoja na abiria na maji. Tangi la lita 150 likijaa ni kilo 150. Hayo yote mizani hii haiyaoni, na njia ya kuyajua ni kupeleka gari na tela, vikiwa vimepakiwa, kwenye mizani ya malori na kupima kila ekseli peke yake.

Kasoro za chombo chenyewe ni ndogo: mistari ya geji imebanana, na kioo hupata ukungu wa ndani asubuhi yenye baridi, hivyo mara mbili nimelazimika kuinama na tochi. Naipa nyota nne. Ya tano ingepatikana kwa ukurasa mmoja tu wa kijitabu, wenye mchoro wa gari lenye mkia mrefu na hesabu ya ekseli ya nyuma.