Uzoefu wangu na Andor sizoni zote mbili, na kwanini Kleya ndo mtu wangu

Nimemaliza tamthilia ya Andor, sizoni zote mbili, episodi 24, na nimeona niandike kwa urefu kwasababu kila nikikuta watu wanaijadili wanamzungumzia Cassian, au seneta Mon Mothma na ile hotuba yake ya bungeni, alafu Kleya anatajwa nusu sentensi tu mada inahama. Hapana jamani. Kleya Marki, yule binti wa dukani, apewe haki yake. Natoa tahadhari mapema, humu nafichua mambo mengi mpaka ya mwisho kabisa, kwahiyo kama hujaangalia na unataka kwenda ukiwa hujui kitu, katazame kwanza alafu urudi.

Kwa wasioijua, ni tamthilia ya ulimwengu wa Star Wars, aliyeitengeneza ni Tony Gilroy, sizoni ya kwanza ilitoka 2022 na ya pili 2025. Inaanza miaka mitano kabla ya filamu ya Rogue One ya 2016 na inaishia palepale Rogue One inapoanzia. Stelingi ni Cassian Andor, anachezwa na Diego Luna, na kama uliona Rogue One unajua jamaa anafia wapi na anakufaje. Sasa sisi tuliokulia kwenye muvi za "stelingi hafi" hii kitu mwanzoni inasumbua, unajiuliza nitaangaliaje episodi 24 za mtu ambaye mwisho wake naujua? Lakini ndo utamu wenyewe ulipo, kwasababu unaacha kuwaza atapona au hatapona, unaanza kuangalia anageukaje kutoka mwizi anayejali ngozi yake tu mpaka mtu wa kutoa roho kwa ajili ya wengine, na pia unaanza kuangalia waliomzunguka, ambao wengi wao kwenye muvi za zamani hata kivuli chao hakipo. Hawajulikani mwisho wao. Na wao ndo wamenibeba.

Kati ya sizoni ya kwanza na ya pili tulikaa muda mrefu, zaidi ya miaka miwili, na mashabiki wakikaa muda wote huo bila chakula wanajipikia wenyewe. Nadharia zilikua nyingi na nilizisoma zote kwa raha. Kubwa kuliko zote ilikua ya Luthen Rael, yule mzee mwenye duka la vitu vya kale pale Coruscant, sayari ya makao makuu, ambaye kumbe ndo anaendesha mtandao wa kijasusi dhidi ya Dola, yaani utawala wa kidikteta wa galaksi. Watu walisema huyu ni Jedi aliyejificha, yaani wale wapiganaji wenye nguvu za ajabu. Na ushahidi wao haukua wa kubahatisha, angalia: anamkabidhi Cassian kidani chenye kyber, jiwe lilelile linalotumika kwenye panga za mwanga za Jedi, duka lake limejaa vitu vya zamani, anatembea na fimbo, alafu kuna ile sehemu meli yake inasimamishwa na chombo cha Dola, ghafla ubavuni zinatoka miale miwili mirefu myekundu inakata ndege za adui kama upanga kabisa. Mimi mwenyewe nilisimama nikapiga kelele ile siku. Nadharia nyingine ilisema Kleya, yule binti anayekaa naye dukani, ndo dada yake Cassian aliyepotea kule Kenari, sayari ya utoto wao. Nyingine ikasema Kino Loy wa gerezani ndo atakuja kuwa Snoke, yule muovu wa muvi za baadae, kisa tu wote wawili wamechezwa na Andy Serkis.

Nilizifurahia ila sikutaka hata moja iwe kweli, na sababu yangu ni moja. Star Wars ina galaksi nzima, sayari hazihesabiki, lakini miaka yote hii kila mtu mwenye maana lazima aje agundulike kua ni mtoto wa fulani, au mjukuu wa fulani, au ana ile nguvu ya Force kwenye damu. Yaani watu wa kawaida wapo wa kufa tu kwa nyuma wakati ukoo mmoja unaamua hatima ya wote. Luthen akiwa Jedi basi ujasiri wake unapungua thamani, kwasababu Jedi kazi yake ndo hiyo. Kleya akiwa dada wa Cassian basi kila alichofanya kinageuka kua hadithi ya Cassian. Nilikua naomba Gilroy asiguse huko.

Na hakugusa! Sizoni ya pili episodi ya 10, hii ndo episodi bora ya Star Wars niliyowahi kuona, nasema bila kusita. Inarudi nyuma inatuonyesha Luthen alikua nani, na jibu ni kwamba alikua sajenti. Sajenti wa jeshi la Dola lenyewe. Kikosi chake kinateketeza watu, sauti zinaingia kwenye redio, yeye kajifungia ndani ya chombo anatetemeka anaomba yaishe, na humohumo ndani anakuta katoto kamejificha. Kale katoto ndo Kleya. Kwahiyo mzee tuliyedhani ni mtakatifu aliyejificha kumbe ni mtu aliyekua upande wa wauaji akashindwa kuendelea, na binti tuliyedhani ni msaidizi wa duka kumbe ni mtoto wa watu waliouliwa na kikosi kilekile cha huyu anayemlea. Kaa na hiyo kidogo. Kalelewa na adui yake, anajua kabisa, na wakachagua kuifanya hasira iwe kazi. Hamna unabii hapo wala damu maalumu. Ni watu wawili na uamuzi wao.

Alafu inakuja hospitali. Luthen kabanwa dukani na Dedra Meero wa usalama wa Dola, anajichoma kisu ili asije kuhojiwa akataja watu, lakini hafi, wanamkimbiza hospitali wamuokoe wamtese. Kleya anaona yote kwa mbali. Anavaa nguo za muuguzi, anaingia peke yake kwenye jengo lililojaa askari, na wewe mtazamaji unadhani anaenda kumtorosha, maana muvi zote zimetufundisha hivo. Anafika kitandani. Anachomoa mashine. Anambusu kwenye paji la uso, anaondoka. Elizabeth Dulau anacheza hapo karibu bila neno, uso tu, na unajua kua huyu mzee ndo baba pekee aliyebaki naye duniani na kamuua kwa mkono wake kwasababu ndo kitu ambacho mzee mwenyewe angekitaka. Andor ndo ilikua kazi yake ya kwanza kwenye skrini, yupo anapokezana na Stellan Skarsgård ambaye kaigiza miaka na miaka, na hapungui hata kidogo.

Ukishaiona hiyo episodi rudi sizoni ya kwanza umuangalie Kleya upya. Mle dukani mbele ya wateja anainamisha kichwa, anaongea kwa adabu kama mfanyakazi, mlango ukifungwa tu yeye ndo anamkaripia Luthen, anamwambia unakua mzembe, unatamani mno kutoka, acha. Mwanzo nilimuona mkali tu. Sasa hivi naona mtoto anayemlinda baba yake asijimalize. Na ile sherehe ya tajiri Davo Sculdun kwenye sizoni ya pili, pale anapotoa kinasa sauti walichokua wamekificha kwenye kitu cha kale, Krennic, afisa mkubwa wa Dola, yupo hatua chache tu anapiga stori, Lonni, jasusi wao ndani ya usalama wa Dola, pembeni jasho linamtoka, Kleya anavuta kitu ambacho hakitaki kutoka na usoni bado ana tabasamu la dukani. Hamna bunduki wala mlipuko, na mimi sikuweza kukaa chini.

Sasa nadharia yangu, maana na mimi ni shabiki. Mwisho wa tamthilia tunamuacha Kleya pale Yavin, kambi ya waasi, amefikishwa salama na taarifa ya Death Star, ile silaha kubwa ya Dola, imefika, ila hana nyumba wala mtu isipokua Vel, muasi mwenzake, anayejaribu kumkaribisha. Muvi za zamani hazimtaji popote, inaeleweka, zilitengenezwa yeye hajabuniwa. Wengi wanasema basi atakua amepumzika. Mi siamini. Huyu maisha yake yote ni redio, ujumbe wa siri, kupokea na kuunganisha watu wasiojuana. Kwenye filamu ya 1983, Return of the Jedi, Mon Mothma anasimama mbele ya waasi anawaeleza kuhusu Death Star ya pili, na anasema Wabothan wengi, jamii moja ya viumbe wa galaksi, walikufa ili taarifa ile ifike. Nani alikua anapokea taarifa za Wabothan? Nani alijenga ile njia? Mon Mothma anaisema ile sentensi kwa uchungu wa mtu anayejua kazi ya ujasusi inakula watu kiasi gani, na mtu aliyemfundisha hilo ni Luthen, na mwanafunzi wa Luthen aliyebaki hai ni mmoja tu. Naamini kabisa upande wa pili wa ile redio alikua Kleya. Na kinachonifanya niipende hii nadharia kuliko za kina Luthen ni kwamba haimbadilishi awe mtu mwingine, inamuacha akiendelea na kazi yake gizani bila jina lake kutajwa, kama alivyokua siku zote.

Na kwa kua nimeitaja hiyo ya 1983, kwenye mkutano uleule na baadae kwenye usukani pembeni ya Lando, rubani mwenzake, yupo Nien Nunb, yule rubani mwenye mashavu makubwa, na anachoongea sio kelele za kubuni. Sauti yake ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekua mwanafunzi Marekani, na maneno ni Kikalenjin na Kikuyu. Wakamrudisha tena kwenye The Force Awakens ya 2015, ileile ambayo Lupita Nyong'o anacheza Maz Kanata. Kila nikimuona Nien Nunb nafurahi upya, na naona anastahili kupendwa zaidi ya anavyopendwa.

Wengine niwapitie haraka. Kino Loy, aisee, gereza la Narkina 5 na ile sakafu ya umeme, msimamizi aliyekua anawasukuma wenzake wafanye kazi mpaka alipojua kua hamna anayeachiwa, ghorofa nzima wameuliwa ili siri isitoke, akageuka akaongoza watu wote kutoka, wamefika ukingoni wa kuruka majini anasema yeye hajui kuogelea. Basi. Hatumuoni tena. Watu wanabuni kila siku amepona vipi, na mimi nawaelewa, ila naomba wasije kumtengenezea jibu. Syril Karn naye, mtu wa Dola, miaka yote anamuwinda Cassian, siku anamkamata kule sayari ya Ghorman wakati watu wanachinjwa mtaani, Cassian anamuuliza wewe ni nani. Hamjui! Ukatili wa hiyo sekunde sijaupata kwenye muvi nyingine. Na Mon Mothma anavyocheza muziki kwenye harusi ya mwanae huku rafiki yake wa utotoni anapelekwa kuuliwa kwa ajili ya usalama wake, Genevieve O'Reilly hapo ametisha.

Yasiyonifurahisha yapo. Sizoni ya pili kila episodi tatu zinaruka mwaka mzima, na ilikua imepangwa mwanzoni iwe sizoni tano, kwahiyo kuna vitu vimebanwa unaona kabisa. Bix, mpenzi wa Cassian, anaumwa roho na mateso aliyopitia, mwaka unaruka, yuko sawa, aliponaje hatukukaa nayo vya kutosha. Cinta na Vel, waasi wapenzi, wanakutana tena baada ya muda mrefu na Cinta anakufa karibu hapohapo, kwa risasi ya bahati mbaya, imeniuma na sijaridhika mpaka leo. Wale waasi waliokwama msituni wanagombana mwanzoni mwa sizoni ya pili wamevutwa mno. Na kwa wazazi, hii sio Star Wars ya kuwawekea watoto wadogo, kuna mateso, na kuna afisa wa Dola anajaribu kumbaka Bix, sio jambo la kumkuta nalo mtoto wa miaka saba.

Ushauri wa kuangalia: episodi tatu za kwanza zinaenda taratibu, zichukulie kama muvi moja, ziangalie kwa mkupuo, usiache katikati. Huhitaji kua umeona Star Wars yoyote kabla. Ukimaliza ya 24 weka Rogue One palepale usilale, maana inaanza siku hizohizo, alafu nenda ile ya kwanza kabisa ya 1977, utashangaa ilivyobadilika bila wao kugusa kitu. Mimi naipa 9 juu ya 10, ile moja nimeikata kwa ajili ya Cinta. Na wadau wa nadharia, mwenye wazo jingine kuhusu Kleya baada ya Yavin alilete, ila kama unataka kuniambia ni Jedi usijisumbue.