Pakiti ya ORS: unga hauna kasoro, tatizo ni ile lita moja

Ukiomba chumvichumvi (ORS), dawa ya kurudisha maji na chumvi kwa anayeharisha, kwenye duka la dawa, mwuzaji hahitaji maelezo zaidi. Utapewa pakiti ya foili yenye unga mweupe ndani na maandishi madogo mgongoni. Ni miongoni mwa dawa za bei ya chini kabisa pale rafuni, na ndiyo inayoharibiwa nyumbani kuliko nyingi. Unga wenyewe unastahili nyota tano kati ya tano. Pakiti ya kuchanganya na lita moja ya maji inastahili tatu, na kwa nyumba yenye mtoto mdogo pengine hata hizo ni nyingi.

Tuanze na unga. Geuza pakiti usome mgongoni. Kwa lita moja, fomula inayotumika sasa ina chumvi (kloridi ya sodiamu) gramu 2.6, glukosi gramu 13.5, kloridi ya potasiamu gramu 1.5 na sitreti ya sodiamu gramu 2.9, yaani gramu 20.5 kwa jumla. Ukikuta gramu 27.9, hiyo ni fomula ya zamani, yenye chumvi gramu 3.5 na glukosi gramu 20. Ile iliokoa watu wengi, lakini hii ya sasa, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF mwanzoni mwa miaka ya 2000, hupunguza kutapika, hupunguza wingi wa choo, na watoto wachache zaidi huishia kwenye dripu. Muuzaji akikupa ya zamani ilhali mpya ipo, rudisha.

Wengi hudhani sukari imewekwa ili mtoto anywe bila kugoma. Hapana, ndiyo ufunguo wenyewe. Kwenye ukuta wa utumbo mdogo kuna mlango ambao sodiamu na glukosi huupita zikiwa pamoja, na maji huzifuata. Hata kipindupindu kinapoufanya utumbo umwage maji kama bomba lililopasuka, mlango huo huendelea kufanya kazi. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi kule Bangaon, India, dripu zilipopungua, daktari Dilip Mahalanabis aliwakabidhi ndugu wa wagonjwa mchanganyiko wa aina hii wawanyweshe kwa vikombe, na vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Potasiamu inafidia ile inayotoka na choo. Sitreti hupunguza tindikali iliyozidi kwenye damu, na tofauti na magadi yaliyotumika mwanzo, haiufanyi unga uharibike upesi kwenye joto.

Sasa hiyo lita moja. Unga umepimwa kwa mizani, lakini maji hupimwa kwa chochote kilichopo jikoni. Chupa ya maji iliyo karibu huenda ni ya lita moja na nusu, au ya mililita 600, na jagi halina alama. Maji yakizidi, chumvi haitoshi kurudisha iliyopotea. Yakipungua, ndiyo hatari zaidi: sodiamu hupanda kwenye damu ya mtoto, kiu huongezeka, na anaweza kufikia degedege. Kosa la pili ni kugawa unga, nusu leo na nusu kesho, au kijiko kimoja kwa kila kikombe. Chumvi na glukosi hazikai sawasawa ndani ya pakiti, kwa hiyo nusu ya unga si lazima iwe na nusu ya chumvi. Pakiti ikifunguliwa, yote iingie kwenye maji.

Utaratibu wake ni huu. Nawa mikono kwa sabuni. Chukua chupa iliyoandikwa lita 1, na kama ni ya nusu lita, jaza mara mbili kwenye chombo kisafi. Maji yawe ya kunywa. Yakichemshwa, yachemshwe kabla na yapoe, kwa sababu kuchemsha mchanganyiko hupunguza maji na kuacha chumvi kali. Mimina unga wote, koroga hadi upotee, kisha onja wewe kwanza. Isizidi chumvi ya machozi. Usiongeze sukari, usiongeze juisi. Funika, na baada ya saa 24 mwaga kilichobaki hata kama moyo unauma. Hapo ndipo pakiti kubwa inapokera: mtoto wa miezi minane mwenye kuhara kidogo hamalizi lita kwa siku, na mama anaona uchungu kumwaga dawa.

Ndiyo maana pakiti ndogo za nusu lita (gramu 10.25) au mililita 200 (gramu 4.1) ni bora kwa matumizi ya nyumbani. Kule Zambia, Kit Yamoyo, kasha la dawa za kuhara, ilikwenda mbali zaidi: pakiti zake ni za mililita 200 na kasha lake lenyewe lilitengenezwa litumike kupimia maji. Wazo rahisi, na inashangaza kwamba viwanda vingi bado vinachapa "lita 1" kana kwamba kila jiko lina kipimo.

Kiasi cha kunywa: mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha; wa miaka 2 hadi 10, mililita 100 hadi 200; mkubwa anywe kadiri anavyotaka. Mpe kwa kikombe au kijiko, polepole. Akitapika, subiri dakika 10, kisha anza tena polepole zaidi, kijiko kimoja kila dakika mbili au tatu. Wengi huacha hapo wakisema "tumbo limekataa", wakati kilichokataliwa ni kumiminiwa kikombe kizima kwa mkupuo. Kunyonya na kula kuendelee.

Lalamiko linalosikika sana ni kwamba dawa hii haizuii kuhara. Ni kweli, na haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Inarudisha maji na chumvi wakati mwili unapambana. Ya kufupisha kuhara ni zinki: kidonge cha miligramu 20 mara moja kwa siku kwa siku 10 hadi 14, au nusu kidonge kwa mtoto wa chini ya miezi 6, kikiyeyushwa kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama. Ladha yake ni ya chuma, mtoto atakunja uso. Wazazi wengi huacha siku ya tatu choo kikishakuwa kizito, wakati dozi kamili ndiyo inayopunguza uwezekano wa kuhara tena katika miezi miwili mitatu inayofuata. Kasha lenye ORS na zinki pamoja liliingia kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu mwaka 2019. Likipatikana, nunua hilo.

Mbadala wake hauvutii. Glukosi ya unga ya kopo, ambayo dukani huwekwa jirani kabisa na ORS, haina chumvi inayohitajika, na watu huzichanganya kila siku. Soda ni mbaya zaidi: nusu lita ya kola ina sukari takriban gramu 50, wakati nusu lita ya ORS ina glukosi chini ya gramu 7. Sukari nyingi hivyo huvuta maji kuingia kwenye utumbo na kuzidisha kuhara. Pakiti ikikosekana kabisa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikisawazishwa, kwa lita moja ya maji, vinakuvusha hadi duka lifunguliwe. Mchanganyiko huo hauna potasiamu, na chumvi ikizidi kipimo hicho inaweza kumdhuru mtoto.

Ladha ya machungwa haiongezi tiba. Chagua kwa kupenda. Mgonjwa wa figo au wa moyo aulize kwanza kituo cha afya.

Usibaki nyumbani ukikoroga pakiti ikiwa mtoto hawezi kunywa au anatapika kila kitu, amelegea au haamki vizuri, macho yamezama, choo kina damu, au ngozi ya tumbo ukiifinya inachukua zaidi ya sekunde mbili kurudi. Huyo anahitaji kituo cha afya sasa hivi, akinyweshwa njiani kama bado anaweza kumeza.

Dukani, kabla hujalipa, bonyeza pakiti kwa vidole. Unga uwe unatiririka ndani. Pwani, ambako hewa ina unyevu, foili yenye tundu dogo tu hufanya unga ushikane mabonge, basi omba nyingine. Ukifungua na kukuta umegeuka kahawia, tupa. Tarehe ya mwisho wa matumizi mara nyingi imegongwa kwenye ukingo uliobanwa, mahali pasipo wino, kwa hiyo iinamishe pakiti kwenye mwanga ndipo uisome.