Ruta ya faiba niliyofungiwa nyumbani: spidi safi, ila wameibana vifaa 10 tu

Nina miezi 8 na hii ruta, walikuja kuifunga nilivyojiunga faiba hapa Tabata, na kwa spidi sina neno, waifai inafika mpaka uani. Shida ilianza baada ya harusi ya mdogo wangu. Wageni walijaa ndani, kila mtu anaomba paswedi, kompyuta ya mezani tukaichomoa tukaiweka chumbani zaidi ya wiki kupisha magodoro. Nairudisha, nachomeka kebo, taa zinawaka vizuri ila intaneti hakuna.

Napiga huduma kwa wateja naambiwa kompyuta yako mbovu. Fundi naye anataka 30,000 apige windows upya, nikakataa maana kazi za wateja wangu zote zimo humo.

Nikafungua lile dirisha jeusi la cmd nikaandika ipconfig, amri ya kuonyesha adresi (namba ya kompyuta kwenye mtandao), ikaleta namba inayoanza na 169.254. Hiyo haitoki kwenye ruta jamani, Windows inajipa yenyewe ikiomba adresi ikakosa wa kuijibu. Nikapiga ipconfig /release iachie adresi, kisha /renew iombe mpya, inazunguka weee mwisho inagoma. Basi nikaweka adresi kwa mkono, 192.168.1.50, geitiwei (adresi ya ruta yenyewe) 192.168.1.1, DNS (inayotafuta majina ya tovuti) 8.8.8.8, hapo hapo intaneti ikaja! Kumbe kebo nzima, kompyuta nzima, Windows haina tatizo lolote.

Nikaingia kwenye ruta yenyewe, sehemu ya DHCP inayogawia vifaa adresi, ndo nikaona walivyoiset: inatoa adresi zinazoishia .100 mpaka .109, yaani 10 basi, na kila kifaa kinashikilia namba yake sekunde 604800, yaani siku 7. Simu za wageni walioshafika kwao Moshi bado zimekalia nafasi, na namba ya kompyuta yangu muda wake uliisha ikiwa imezimwa wakaichukua. Nikasogeza mwisho iwe .200, muda nikashusha mpaka 86400 ambayo ni siku moja, nikasevu, nikazima ruta nikawasha. Kompyuta nikairudisha ijitafutie adresi yenyewe, sekunde chache tu ikapata.

Ruta naipa nyota 4. Huduma kwa wateja nyota 1, imeniuma kweli, hakuna hata mmoja aliyeniuliza ipconfig inaonyesha namba gani, na ningewasikiliza faili zangu zingefutwa bure. Wenye ruta za hivi angalieni hiyo DHCP kabla hamjaita fundi, paswedi ya kuingilia kwangu ilibandikwa chini ya ruta.