Kozi ya kuuza hisa za kukopa: uzoefu wangu

Tangazo la kozi hii ya mtandaoni linadai kwamba soko linaposhuka, mwenye ujuzi huvuna. Baada ya kuimaliza naona sehemu yake bora ni ile inayolipinga tangazo hilo, na ni kwa ajili ya sehemu hiyo tu ninaipendekeza.

Utaratibu wenyewe umeelezwa kwa ufasaha: unakopa hisa kupitia kwa dalali, unaziuza kwa bei ya leo, kisha bei ikishuka unazinunua tena, unamrudishia mwenyewe hisa zake na kubaki na tofauti. Kisa cha mfanyabiashara Isaac le Maire, aliyeuza kwa namna hiyo hisa za Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki mwaka 1609, kimepewa muda mrefu kuliko kinavyostahili. Somo la gharama ndilo lililonikalisha kitako. Riba ya mkopo hupanda hisa zinapoadimika. Kampuni ikitoa mgao wa faida, wewe uliyekopa ndiye unayemlipa mwenye hisa. Naye anaweza kuzidai hisa zake hata ukiwa katikati ya hasara.

Mifano yote ni ya Marekani, na mfano wa dhamana, yaani fedha unayoweka kwa dalali kama kinga ya hasara, nilirudia kuupigia hesabu kwenye daftari. Ukiuza hisa 100 kwa dola 50 unapata dola 5,000, lakini kanuni inataka akaunti iwe na asilimia 150 ya kiasi hicho, yaani dola 7,500, kwa hiyo dola 2,500 zinatoka mfukoni mwako. Kuanzia hapo, fedha iliyo yako, yaani iliyomo kwenye akaunti ukitoa thamani ya hisa unazodaiwa, haipaswi kupungua chini ya asilimia 30 ya thamani ya hisa unazodaiwa. Bei ikifika takriban dola 57.70 tu, dalali atakudai dhamana zaidi, na usipoiongeza ana haki ya kuzinunua hisa hizo kwa bei iliyopo, upende usipende. Tena hicho ni kiwango cha chini kabisa. Madalali wengi hutaka zaidi.

Kisha inakuja programu ya mazoezi, ambayo hurudia bei za zamani siku baada ya siku kwa fedha ya kuigiza. Mwalimu alitupeleka Oktoba 2008. Katika wiki iliyoishia Ijumaa tarehe 10, fahirisi ya S&P 500, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilikuwa imepoteza takriban asilimia 18, na kila kilichoonekana kwenye skrini kilishawishi mtu auze. Jumatatu tarehe 13 ilipanda asilimia 11.6 kwa siku moja. Agizo langu la kununua ili kuzuia hasara lilitekelezwa kwa bei mbaya kuliko niliyoiweka, kwa kuwa soko lilifunguka likiwa limeshaipita. Tarehe 28 fahirisi ilipanda tena karibu asilimia 11, ingawa iliendelea kuporomoka hadi Machi 2009. Aliyebashiri kushuka alikuwa sahihi, lakini kama dhamana yake ilikuwa nyembamba, alishatolewa sokoni kabla ya kuiona faida.

Siku hiyohiyo ya tarehe 28, kule Ujerumani, hisa ya Volkswagen ilipita euro 1,000 kwa muda mfupi. Porsche ilikuwa imetangaza kwamba hisa inazomiliki, pamoja na zile iliyo na haki ya kuzinunua, zinafikia takriban asilimia 74, huku jimbo la Lower Saxony likishikilia zaidi kidogo ya 20, kwa hiyo zilizobaki sokoni zilikuwa pungufu sana ya zile zilizokopwa, na waliokopa wakagombea kuzinunua. Sijapata kusikia mahali pengine maelezo mazuri ya kisa hiki kama ya mwalimu huyu.

Kasoro zipo. Maandishi ya kozi bado yanafundisha kanuni ya zamani ya Marekani iliyozuia kuuza hisa za kukopa bei inapoteremka, kanuni iliyofutwa mwaka 2007. Iliyopo sasa ilipitishwa mwaka 2010 na huanza kubana pale tu hisa inaposhuka asilimia 10 kwa siku. Kuhusu Afrika Mashariki hakuna neno hata moja, ilhali Kenya ina kanuni za kukopesha na kuuza hisa za kukopa tangu 2017, na Soko la Hisa la Nairobi lilifungua mwaka 2019 soko la mikataba ya baadaye (makubaliano ya kuuza au kununua tarehe ya mbele kwa bei inayopangwa leo), ambamo mtu anaweza kuuza mkataba wa hisa za Safaricom bila kukopa hisa yoyote.

Masomo ya kusoma chati, ambayo ni karibu nusu ya kozi, yanapatikana bure kwingineko. Anayetaka kujiunga aulize kwanza kama programu ya mazoezi hubaki wazi baada ya masomo kwisha, maana yangu ilifungwa kabla sijafika Machi 2009.