Postikadi za zamani za mlima Vesuvius, uzoefu wangu

Mi kwetu Engare Sero, chini kabisa ya Lengai, ule mlima wa volkano kaskazini mwa Tanzania. 2007 mlima ulipolipuka nilikuwa bado mdogo, nakumbuka majivu yamefunika nyasi hadi wazee wakahamisha ng'ombe, ila nyumbani hatuna picha hata moja ya siku zile na hilo linaniuma mpaka leo. Ndo maana nilipoona mtandaoni mtu wa Italia anauza postikadi sita za zamani za Vesuvius, ule mlima wa Napoli, nikalipa hapo hapo. Na usafiri ilinitoka laki na themanini, wiki saba ndo zikafika sanduku langu la posta hapa Arusha.

Tano ni za ukweli kabisa. Ninayoipenda zaidi ina muhuri wa Napoli wa Aprili 1906, mwezi ule ule mlima ulipolipuka ukaua watu zaidi ya 200, wengi mapaa yaliwaangukia kwa uzito wa majivu. Nyuma ya kadi hii pameachiwa nafasi ya anwani tu, kwa hiyo aliyeituma kajibana huku mbele kwenye picha, viherufi vidogo vinauzunguka moshi mpaka kwenye kona, wino ushakuwa wa kahawia. Nikaiwekea simu inisomee, neno la kwanza ililolipata ni cenere, yaani majivu. Aisee nilinyamaza.

Nyingine ni ya ile treni ya kamba iliyopandisha watalii kuanzia 1880 mpaka mlipuko wa 1944 ukaimaliza.

Ya sita ndo imeniudhi. Muuzaji kasema zote ni za zamani, sa mi nikaazima lenzi kwa rafiki yangu dalali wa tanzanite, nikakuta vidoti vya rangi vimejipanga mstari kwa mstari na karatasi nyeupe pee, hiyo imechapwa juzi tu, wakati kwenye zile tano moshi ni laini hauna hata doti. Nikamwandikia, hela ya hiyo moja akarudisha bila ubishi, ila bahasha yake nyembamba mno, ile ya treni imekunjika kona.

Bado nitanunua kwake. Ila mwambieni awapigie picha mbele na nyuma kabla hamjalipa, na aweke kadibodi ngumu ndani.

Na kama kuna mtu Arusha au Moshi ana picha ya Lengai ikilipuka 1966 au 2007, hata iliyochanika, anitafute, nainunua.