Mayai ya kilifishi wa Unguja kwa posta: mfugaji anayekupa na asili yake

Samaki wazuri wa tangi wapo kila duka. Mimi nilikuwa natafuta Nothobranchius guentheri, kilifishi mdogo wa mkia mwekundu, ambaye asili yake inajulikana: aliyetokana na samaki waliovuliwa katika dimbwi linalotajwa kwa jina, mwaka unaotajwa, na ambao tangu siku hiyo hawajachanganywa na wengine. Makazi yake ya asili ni Unguja tu. Kwenye matangi amezagaa miaka mingi, lakini wengi wanaouzwa hakuna anayejua babu zao walitoka bwawa gani.

Duka moja niliulizia kabla ya kufika kwa huyu ninayemsifu leo. Waliniambia wanaye "mkia mwekundu". Wa wapi? Wa kufugwa. Jina la mahali? Hawana. Samaki wenyewe walikuwa na afya, dume linang'aa kweli, ila kwa mtu anayetaka kutunza kizazi kisipotee, samaki wa namna hiyo ni pambo tu.

Mfugaji niliyempata hana duka. Anafuga nyumbani na kutuma mayai. Kilifishi hawa huishi kwenye vidimbwi vinavyojaa mvua zikinyesha na kukauka kiangazi. Wazima hufa wote, mayai yakabaki kwenye tope yakingoja mvua nyingine. Ndiyo sababu yanasafiri vizuri ndani ya mboji yenye unyevu, bila maji wala pampu ya hewa.

Kilichonivutia kwanza ni kwamba yeye ndiye aliyeanza kuniuliza maswali. Nina Nothobranchius wengine? Wamo tangi moja au mbalimbali? Nina kifuniko? Nikamjibu yote kabla hajakubali kunitumia. Ana haki. Majike ya jamii hii karibu yote ni ya rangi ya kijivujivu na yanafanana mno, hivyo jike moja likiruka kuingia tangi la jirani unaweza usijue kabisa, na kizazi ulichokitunza kwa miaka kimekwisha hapo hapo.

Mfuko ulifika ukiwa mzima. Mboji ya kahawia, unyevu wake kama wa tumbaku mbichi: unaiminya haitoi hata tone. Lebo yake ndiyo hasa niliyolipia. Imeandikwa jina la spishi, jina la eneo, herufi TAN (yaani Tanzania) zikifuatwa na mwaka wa kuvuliwa, tarehe mayai yalipotagwa, na tarehe ya kuyalowesha, yaani kuyatia maji yaanguliwe, karibu miezi 3 baadaye. Nilichambua mboji kidogo kwa kibano nikaangalia kwa lenzi: yai la takriban milimita 1, angavu, na ndani yake macho mawili yenye duara la dhahabu yakinitazama. Ukiyaona macho hayo ujue mtoto yu tayari.

Nililowesha kwa maji ya ubaridi kidogo, kama nyuzi 18 hivi, na kabla ya siku kwisha vitoto vilikuwa vinaogelea. Siku hiyo hiyo wanakula artemia, vijidudu vya maji ya chumvi, waliotoka kuanguliwa. Wachache walibaki wakijikokota sakafuni, hawakuweza kujaza kibofu cha hewa, jambo la kawaida kwa jamii hii. Mboji sikuitupa, na wewe usiitupe: nilikamua, nikakausha tena kwa kiasi, na nilipolowesha mara ya pili wakatoka wengine. Mayai ya dimbwi moja hayaamki yote pamoja. Mvua ya uongo ikinyesha na maji yakakauka mapema, wapo waliobaki wamelala. Mimi hapo ndipo ninapompenda samaki huyu kupita kiasi.

Sasa madume yamepata rangi, mkia mwekundu mtupu, magamba ya bluu-kijani yaliyopigwa ukingo mwekundu. Wamefanana wote, hakuna hata mmoja wa kutiliwa shaka.

Kasoro ipo, tena si ndogo. Lebo haikusema mboji ilihifadhiwa kwenye nyuzijoto ngapi. Joto likiwa juu mayai huwahi, likiwa chini huchelewa, kwa hiyo tarehe ya kulowesha bila joto ni nusu ya habari. Nisingekuwa na lenzi ningebahatisha. Halafu anajibu ujumbe kwa kuchelewa, na huwa na spishi mojamoja tu kwa wakati. Mwenye haraka atachoka.

Jambo la mwisho alilotaka kwangu ni ahadi: samaki wakitaga, sehemu ya mboji niigawe kwa mfugaji mwingine pamoja na lebo ileile, neno kwa neno. Anasema tangi moja likipata maradhi, tangi la mwenzako ndilo bima. Nakubaliana naye kabisa. Pia mayai yaliyozalishwa nyumbani yanaviacha vidimbwi vilivyobaki vipumue, maana vingi tayari vinafukiwa kwa barabara na mashamba.

Nampa nyota nne kati ya tano. Nimeshaagiza tena, mara hii Nothobranchius korthausae wa Mafia, na nimemwomba aandike joto kwenye lebo. Amekubali.