Baiskeli za Kijapani za Masafa Marefu: Ipi Ununue, Ipi Uwaachie Wenzako

Baiskeli yangu ni Univega Gran Turismo ya rangi ya damu ya mzee. Nikiiegesha karibu na Miyata 1000, watu huinama kuitazama Miyata, na yangu wanaitundikia makoti. Mimi hunyamaza. Univega ilikuwa kampuni ya kuuza tu, ya Ben Lawee huko California, na fremu ya Gran Turismo iliundwa Japani na Miyata hao hao. Tofauti kubwa iko kwenye bei: kwa fedha wanayotaka kwa Miyata 1000 moja safi, mimi nimewahi kuona Gran Turismo mbili na chenji ikabaki ya tairi.

Mwongozo huu ni wa wewe uliye Marekani, Kanada au Ulaya, unayetaka baiskeli ya mtumba ya kubebea mzigo na kwenda mbali, iliyotengenezwa Japani kati ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Anayefikiria kuipeleka nyumbani Tanga au Kisumu nitamfikia mwishoni.

Kwa nini Japani, na kwa nini miaka hiyo? Paipu za kromoli, aina ya chuma cha fremu, zilitoka kwa Tange na Ishiwata, gia kwa Shimano na SunTour, kranki (mikono ya pedeli) kwa Sugino, usukani kwa Nitto, na viwanda vyote hivyo vilikuwa ndani ya nchi moja, vikishindana vikali. Wamarekani wakati huo walikuwa na hamu ya kusafiri kwa baiskeli, na yen ilikuwa rahisi kwao. Kisha Septemba 1985 nchi tano kubwa zikakubaliana katika hoteli ya Plaza, New York, kuishusha dola. Dola iliyokuwa ikinunua yen 240 hivi ikawa, baada ya mwaka, inanunua kama 160. Baiskeli za Kijapani zikapanda bei, oda zikahamia Taiwan, na wanunuzi nao wakahamia baiskeli za milimani. Kwa hiyo nyingi za zile nzuri zilinunuliwa na mtu aliyepanga kuvuka bara, akazunguka mtaa mara tano, akaiweka gereji. Huyo ndiye unayemtafuta.

Kabla ya jina, itambue kwa umbo

Muuzaji ataandika "ya safari" kwenye kitu chochote chenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Wewe angalia nyuma. Kutoka katikati ya kranki hadi ekseli ya nyuma, baiskeli ya masafa huwa na sentimita 44 hadi 46 hivi; ya mashindano ni 41 au 42. Zile sentimita chache ndizo zinazokuwezesha kukanyaga pedeli bila kisigino kupiga mkoba. Halafu angalia breki: nyingi za kweli zina breki za kantileva, zile za mikono miwili iliyofungwa kila upande wa gurudumu kwenye vishikizo vilivyounganishwa na fremu yenyewe. Matundu ya keria yawe mbele na nyuma, na yakiwa mawili mawili kila upande ni bora zaidi, moja la keria na moja la madigadi. Gia za mbele ziwe tatu. Baadhi zina hata vijipini vya kuwekea spoku za akiba kwenye paipu inayotoka kranki hadi ekseli ya nyuma. Ukiviona hivyo, mtengenezaji hakuwa akitania.

1. Univega Gran Turismo, na Miyata 610

Naziweka pamoja kwa sababu ni watoto wa nyumba moja. Miyata alianza kama fundi wa bunduki: Eisuke Miyata alikuwa na kiwanda cha silaha Tokyo, na mwaka 1890 wakaanza kuunda baiskeli. Ujuzi wa kutengeneza bomba walikuwa nao tayari, na karibu miaka mia baadaye Miyata walikuwa bado wanajitengenezea paipu zao wakati wengine wengi wakinunua.

Barabarani, ukiwa na kilo 15 nyuma, hizi hazitikisiki. Bila mzigo zinaenda kwa uhai kuliko 1000, kwa maoni yangu. Wapo watakaokuambia 610 ni "1000 ya maskini." Sawa, niite maskini. Kwa fremu isiyo na kovu, gia zinazofanya kazi na saizi yangu, ningelipa hadi dola 400 bila kuumwa tumbo. Miyata 210 iko chini kidogo ya hizi. Nayo ni baiskeli nzuri ya kwendea kazini, ila usiitwishe mizigo ya wiki tatu.

2. Miyata 1000

Sikatai, ni baiskeli kubwa. Paipu zake zimepunguzwa unene kwa hatua tatu, na ndani zina matuta ambayo huongeza ukakamavu pale fremu inapobeba zaidi. Ukishuka mlima na mikoba minne, hapo ndipo utajua fedha ilikwenda wapi. Ikija kwa bei ya kibinadamu, chukua hata kama rangi imechubuka. Lakini wengi wanaoiuza sasa wanajua wanachouza. Nimekuta moja imetundikwa ukutani sebuleni kama picha ya babu, mwenyewe anataka dola 1,200, na tairi zake zimepasuka kwa ukavu.

Njia ya kujua mwaka: herufi ya kwanza ya namba ya fremu ya Miyata. A ni 1972, na unahesabu kwenda mbele, kwa hiyo M ni 1984 na P ni 1987. Ichukue na ile ya Shimano, ambayo ni herufi mbili ndogo zilizogongwa nyuma ya kifaa: ya kwanza ni mwaka, ukianza na A kwa 1976, na ya pili ni mwezi. Fremu ya 1984 yenye gia zote za 1984 pengine haijaguswa. Zikipishana kwa miaka mitano, uliza kilichotokea.

3. Schwinn Voyageur, na Panasonic zenyewe

Hapa ndipo penye bei za kutupa. Mmarekani akisikia Schwinn anafikiria chuma kizito cha Chicago alichopanda akiwa mtoto, anapita. Lakini Voyageur nyingi za miaka ya 1980 ziliundwa Japani na Panasonic. Ndiyo, wale wa redio. Konosuke Matsushita, mwanzilishi wao, alikuwa kijana wa kazi kwenye duka la baiskeli Osaka, na bidhaa mojawapo iliyomwinua, mwaka 1923, ilikuwa taa ya betri ya baiskeli. Kwao baiskeli haikuwa biashara ya pembeni waliyoiokota njiani.

Maungio ni safi, rangi ni ngumu. Onyo moja: si kila yenye jina Voyageur ilitoka Japani. Tafuta stika ya nchi kwenye fremu. Kama imebanduliwa, usilipe bei ya Japani. Panasonic zenye jina lao wenyewe ni nadra kidogo kuziona, na ni nafuu vilevile.

4. Specialized Expedition

Specialized wa miaka hiyo walikuwa bado wadogo na waliagiza fremu Japani, pamoja na Stumpjumper yao ya kwanza ya 1981. Expedition ni tulivu, ndefu, na inapendeza. Imeshuka hadi nafasi ya nne kwa sababu moja tu: jina bado linauza madukani, kwa hiyo muuzaji hana haja ya kukubembeleza.

5. Bridgestone RB-T

Ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tawi la Bridgestone la baiskeli Marekani lilifungwa 1994, kwa hiyo ni za kuwinda. Ina magurudumu ya 700C, kipimo nitakachokieleza chini, na inapokea tairi pana. Kwa mzigo mzito ningechagua zilizotangulia. Kwa mtu wa hema dogo na mkoba mmoja, hii inaweza kupanda hadi nafasi ya pili.

Zilizobaki: Fuji Touring Series ni imara na bei yake ina adabu, lakini jina Fuji Touring liliendelea kutumika miaka mingi baada ya kazi kuhama Japani, basi soma stika. Centurion Pro Tour na Nishiki za masafa, nunua ukizikuta kwenye saizi yako. Walioko Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani, nyinyi mna Koga-Miyata, na kwenu huko zimejaa kiasi kwamba sielewi kwa nini mtu aagize Marekani. Na anayeishi Japani akiniuliza kuhusu Toei iliyoundwa kwa mkono, namjibu kwamba hiyo ni ya kupendana nayo, si ya kuiegesha nje ya duka la vyakula.

Usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Baiskeli yangu ya kwanza ya aina hii, jina naliacha kwa sababu kosa halikuwa lake, niliinunua jioni kwa taa ya simu. Iling'aa. Nyumbani nikataka kuinua kiti. Mlingoti wake ulikuwa umegandana na fremu kama umemwagiwa saruji. Alumini ikikaa ndani ya chuma miaka 30 kwenye mji wanaomwaga chumvi barabarani, hufanya hivyo. Nilitia amonia, nikasubiri siku mbili, nikavuta na shemeji yangu ameikalia fremu. Ilitoka vipande viwili.

Tangu hapo sitoi fedha kabla ya kuona vitu viwili vikisogea: mlingoti wa kiti na shingo ya usukani. Vikigoma, bei inashuka nusu au naondoka.

Kisha pitisha kidole, polepole, chini ya paipu ya juu na chini ya ile ya mshazari, sentimita chache tu nyuma ya kichwa cha fremu. Fumba macho ukitaka. Ukihisi kijimkunjo kama pindo la shati chini ya rangi, baiskeli hiyo iligonga kitu kwa mbele. Macho mara nyingi hayaoni, kidole hakidanganyiki. Kutu ya juu juu isikutishe. Ya kuogopa ni ile iliyovimbisha rangi karibu na kranki, ambako maji hukusanyika.

Gia zisikuumize kichwa sana. Kranki nyingi za Sugino za wakati huo zina nafasi za boliti ambazo bado zinapata meno mapya, kwa hiyo ule mpangilio wa zamani wa meno 50, 45 na 28 unaweza kuubadilisha uwe 46, 34 na 24, na magoti yako yatakushukuru kwenye kilima. Ukikuta kifaa cha kubadilishia gia cha SunTour Mountech, kihesabu kama hakipo. Kilikuwa na ufundi mwingi kwenye kigurudumu chake cha juu, na hapo ndipo kilipofia.

Magurudumu: hapa ndipo watu hulia

Nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 1980 zina magurudumu ya inchi 27. Kwa kipimo cha rimu, 27 ni milimita 630, na 700C ni 622; yaani ile yenye namba ya kizamani ni kubwa zaidi. Tairi za 630 zinapatikana Marekani lakini uchaguzi ni mdogo. Kubadilisha kwenda 700C ni rahisi: rimu inashuka milimita nne kila upande, na mpira wa breki ya kantileva kwa kawaida unateremka kiasi hicho bila shida. Unapata na nafasi ya tairi nene zaidi. Pima pia upana wa fremu panapokaa ekseli ya nyuma. Za miaka ya 1980 nyingi ni milimita 126, na gurudumu la kisasa zaidi la barabarani, la breki za kubana rimu, ni 130. Chuma kinapanuliwa kwa mkono wa fundi anayejua; alumini usijaribu.

Sasa kwa anayeipeleka nyumbani. Neno "28" litakuponza. Tairi ya 28 ya Phoenix au Avon dukani Mwanza ni ya rimu ya milimita 635, na haikai kwenye 700C ambayo nayo huandikwa 28. Ile ya 27 ndiyo kabisa usiitegemee. Beba tairi mbili za akiba zilizokunjwa na tyubu nne, zinaingia kwenye kona ya sanduku. Gololi hazina tatizo, ni zile zile za robo inchi nyuma na 3/16 mbele, fundi chini ya mwembe anazo kwenye kopo la maziwa. Asichokuwa nacho mara nyingi ni zana ya kung'olea kranki, maana kranki alizozizoea zinashikwa na pini anayoitoa kwa nyundo, wala zana ya kufungulia friwili (fungu la gia za nyuma), ambayo ya SunTour haiingiliani na ya Shimano. Zote mbili hazizidi uzito wa chungwa. Zifunge kwa tambara uzitie kwenye mkoba wa chini ya kiti, na umuonyeshe jinsi ya kuzitumia kabla hajachukua nyundo.